Kiyoyozi cha ukubwa gani? Anza na ukuta wa magharibi

Mtu wa Kisumu anayetaka kununua kiyoyozi hukutana na kanuni mbili ambazo hazielewani hata kidogo. Ya kwanza inatoka Marekani: BTU 20 (kipimo cha joto, nitakieleza hapa chini) kwa kila futi mraba. Ya pili ndiyo tunayoizoea sisi mafundi wa nchi za joto: BTU 600 kwa kila mita mraba. Chukua sebule ya kawaida ya mitaa yetu ya Migosi au Mamboleo, urefu mita 5, upana mita 4.5. Hiyo ni mita mraba 22.5, yaani futi mraba 242. Kanuni ya kwanza itakupa BTU 4,840. Ya pili itakupa 13,500. Chumba ni kilekile, jua ni lilelile, na majibu yamepishana karibu mara tatu.

Aliyeuliza hubaki amechanganyikiwa, kisha hufanya moja kati ya mawili: ananunua kilicho bei nafuu, au ananunua kikubwa kuliko vyote ili asije akajuta. Nimefunga na kufungua viyoyozi hapa Kisumu kwa miaka kumi na minne, na wengi niliowakuta wakijuta walikuwa wa kundi hilo la pili.

Hakuna kanuni ya uongo kati ya hizo mbili. Kila moja imebeba nyumba yake ndani. Ile ya Marekani inadhani kuta zako zimejazwa kizuia joto, dari imetandikwa godoro la nyuzi za kioo, na dirisha likifungwa limefungwa kweli. Yetu inadhani ukuta wa mawe usiovaa kitu, mabati juu, na dirisha la luva ambalo vioo vyake viwili havikutani vizuri tangu fundi wa kwanza alipoondoka. Kwa hiyo mita za sakafu ni mahali pa kuanzia tu. Kinachoamua ukubwa wa mashine ni joto linaloingia chumbani kwa saa moja, maana hilo ndilo mashine inatakiwa kulitoa.

Tusafishe kwanza majina, kwa sababu dukani utaletewa manne kwa kitu kimoja. BTU ni kipimo cha joto: kiasi kinachotosha kupandisha ratili moja ya maji, karibu nusu kilo, kwa nyuzi moja ya Farenhaiti. Njiti moja ya kiberiti ikiungua hadi mwisho hutoa takriban BTU moja. Kwenye boksi la kiyoyozi maana yake ni BTU kwa saa. Ikiandikwa 12,000, mashine inaweza kutoa nje joto la njiti 12,000 kila saa. Neno la pili ni tani, na hapo watu hudhani ni uzito wa mashine. Ni tani ya barafu. Kabla ya mashine hizi kuwepo, Wamarekani walikuwa wakikata barafu ya maziwa na mito wakati wa baridi na kuiuza mijini. Tani moja ya kwao, ratili 2,000, ikiyeyuka polepole kwa saa 24 hufyonza BTU 12,000 kila saa. Ndiyo maana mpaka leo kiyoyozi cha tani moja ni cha BTU 12,000. Jina la tatu ni kilowati: kilowati 3.5 ni kilekile. La nne ni HP, yaani nguvu za farasi, na kwenye maduka yetu 1.5 HP kwa kawaida humaanisha 12,000, ingawa si kila kampuni inahesabu sawa, kwa hiyo uliza BTU ndipo utoe pesa.

Hapo kwenye kilowati kuna mtego. Wapo wanaoona 3.5 wakaikimbia mashine wakidhani itakula kilowati 3.5 za stima. Hizo ni kilowati za joto linaloondolewa. Stima inayoingia ni karibu kilowati 1.1, kwa sababu mashine hailitengenezi joto, inalihamisha tu kutoka ndani kwenda nje.

Sasa nikupeleke kwenye nyumba moja.

Ilikuwa mwezi wa Aprili, jua limewaka mchana kutwa na mawingu ya mvua yanapanda kutoka upande wa ziwa. Mwalimu mmoja mstaafu wa Migosi alikuwa amenipigia simu mara mbili. Mwanawe aliye Nairobi alimnunulia kiyoyozi cha BTU 24,000 kwa ile sebule ya mita 5 kwa 4.5, na dukani walimwambia kwamba kikubwa hakikosei. Nilifika saa kumi na mbili jioni. Kabla hata ya kunikaribisha kiti, alinishika mkono akanipeleka kwenye ukuta wa nyuma ya televisheni.

"Weka kiganja hapa, fundi."

Niliweka. Ukuta ulikuwa na joto la chapati iliyotoka kwenye kikaango na kuachwa ipoe kidogo.

"Haya nieleze. Ukuta uko hivi, na mimi naketi mbele yake nimejifunika leso. Hii mashine inafanya kazi au haifanyi?"

"Inafanya, mwalimu. Tatizo ni kwamba inamaliza haraka mno."

Niliiwasha nikatazama saa. Dakika nne baadaye kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, ilikuwa imezima. Hewa ya chumba ilishuka mpaka nyuzi alizoweka kwenye rimoti, lakini ukuta, viti na sakafu vilibaki na moto wao. Dakika chache tena hewa ikapanda, kompresa ikanguruma, taa zikafifia kidogo, baridi ikamwagika, ikazima. Nilizunguka nje kwenda kuangalia bomba la kutolea maji. Mdomoni mwake buibui alikuwa amefuma utando mzima, mkavu. Hapo sikuhitaji kufungua kitu. Buibui hafumi mahali maji yanapopita.

Hilo bomba ndilo linaloeleza kwa nini kikubwa hukosea. Mwaka 1902 Willis Carrier, mhandisi wa miaka 25, aliitwa kusaidia kiwanda cha uchapishaji cha Brooklyn, New York. Shida yao ilikuwa karatasi. Unyevu ukipanda karatasi ilitanuka, ukishuka ikasinyaa, na rangi moja haikuangukia juu ya nyingine. Mashine aliyoichora ilikuwa ya kuudhibiti unyevu wa hewa. Kiyoyozi kilizaliwa kikausha hewa, na mpaka leo sehemu kubwa ya raha unayoihisi ndani ya chumba chenye kiyoyozi inatokana na ukavu huo, kwa sababu jasho lako linaweza kukauka.

Lakini kukausha kunataka muda. Koili ya kisanduku cha ndani, yaani yale mabomba yanayopoza hewa, lazima ipoe, kisha itoe umande kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, kisha umande ujae, uteremke kwenye trei, ndipo bomba lianze kudondosha. Mashine kubwa mno huzima kabla ya hapo. Kibaya zaidi, feni ya ndani hubaki inapuliza juu ya koili yenye umande, na ule unyevu unarudi chumbani. Unapata chumba cha baridi kilicho na unyevu wa pango. Mito inanuka uvundo, makabati yanaota ukungu nyuma, mzee wa nyumba analalamika kifua. Na jioni za mvua za Aprili ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu joto la kuondoa ni dogo na unyevu ni mwingi.

Sasa tuihesabu sebule ya mwalimu, maana hapa ndipo penye jibu. Namba hizi ni makadirio ya fundi mwenye tepu na kalamu, kwa saa kumi alasiri ya siku yenye jua kali, tukitaka ndani ibaki nyuzi 25.

Kisumu iko kilomita kama kumi tu kusini mwa ikweta. Ukienda Maseno utaiona alama ya mstari wenyewe kando ya barabara. Maana yake ni kwamba mwaka mzima jua letu huchomoza upande wa mashariki na kuzama upande wa magharibi, bila kupinda sana kaskazini wala kusini. Ukuta wa kaskazini na wa kusini unakingwa na ukingo wa paa tu, kwa sababu jua likiwa upande wao huwa limepanda juu. Ukuta wa mashariki unapigwa asubuhi, wakati hewa bado ni baridi na watu wameenda kazini. Ule wa magharibi ndio unaopata adhabu. Jua linakuja limeinama, linapita chini ya ukingo wa paa, linaupiga ukuta usoni, saa ileile ambayo hewa nayo imefika nyuzi 30.

Dirisha la magharibi la mwalimu ni mita 1.8 kwa 1.5, kioo kitupu. Jua likiingia hapo linaleta takriban wati 1,350, kama pasi ya umeme iliyoachwa imewashwa mezani. Ukuta wenyewe wa upande huo unapitisha kama wati 540. Juu kuna mabati, chini yake dari ya mbao nyembamba bila kitu kingine: tuseme wati 1,000. Watu watano walioketi, wati 100 kila mmoja: 500. Televisheni, friji na taa: 200. Hewa inayopenya kwenye luva, pamoja na unyevu wake: 250. Jumla wati 3,840. Zidisha kwa 3.412 upate BTU kwa saa: karibu 13,100.

Ona sasa. Hiyo ni karibu kabisa na 13,500 ya kanuni yetu ya 600. Kanuni haikudanganya. Lakini tazama tena orodha: karibu nusu ya joto lote linaingia kupitia upande mmoja wa nyumba, dirisha na ukuta wa magharibi. Ukilizuia jua kabla halijagusa kioo, dirisha linashuka mpaka wati 300 hivi na ukuta mpaka 200. Jumla inakuwa wati 2,450, sawa na BTU 8,400. Ukipandisha fundi darini akatandaza foili ya kuakisi joto chini ya mabati, paa linaweza kushuka mpaka wati 500. Sasa uko BTU 6,650, na ile kanuni ya Marekani iliyoonekana kama mzaha haiko mbali tena. Kanuni mbili zilizokuwa zinagombana zilikuwa zinazungumzia nyumba mbili, na unaweza kuitoa nyumba yako kwenye moja ukaisogeza kuelekea nyingine bila kuongeza wala kupunguza hata mita moja ya sakafu.

Nasema "kabla halijagusa kioo" kwa makusudi. Pazia la ndani linasaidia, lakini jua likishapita kioo limeshaingia. Pazia linapata moto na moto unabaki chumbani. Kivuli cha nje ndicho chenye nguvu. Na hapa Kisumu kuna ugumu wake, kwa sababu upepo wa ziwa wa alasiri unatoka upande huohuo jua linakozama. Ukijenga ukuta wa kuzuia jua, umezuia na upepo. Ndiyo maana napenda sana majamvi ya mafunjo, yanayosukwa na akina mama wa kandokando ya ziwa. Lining'inize nje ya dirisha, nafasi ya kiganja kutoka kwenye luva. Jua linakatika, upepo unapita pembeni na katikati ya nyuzi. Kwa bei yake halina mpinzani, hata ukilibadilisha kila mwaka.

Wa nyumba isiyo na dari, mabati juu ya kichwa, ningemwomba asinunue kiyoyozi kwanza. Bati la alasiri linaweza kufika nyuzi 60, na linamulika joto kama jiko lililogeuzwa. Katika sebule kama hii paa la namna hiyo peke yake linaweza kuzidi vyote vingine kwenye orodha vikijumlishwa. Weka dari, ndipo upime upya. Aliye ghorofa ya katikati kwenye zile fleti mpya ana bahati: juu yake ni sakafu ya jirani, afute mstari wa paa, na BTU 400 hadi 450 kwa mita mraba zitamtosha hata kama dirisha lake linatazama magharibi. Aliye na kivuli kizuri cha nje na dari anaweza kufanya kazi na 400 vilevile. Ile 600 iache kwa nyumba iliyo wazi kwa jua, iwe isiyo na ghorofa au iwe ghorofa ya juu kabisa.

Sebule iliyoungana na jiko ni hesabu nyingine. Wamarekani huongeza BTU 4,000 kwa ajili ya jiko, nami sina ugomvi na hiyo, maana sufuria ya maharagwe inayochemka inaleta joto na mvuke pamoja. Na usipime sebule peke yake kama korido haina mlango. Baridi haisomi ramani, itateremka mpaka chumba cha mwisho kilicho wazi.

Kuna wanaouliza kuhusu mwinuko. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 12, kwa hiyo feni ya mashine inasukuma hewa yenye uzito mdogo na nguvu inapungua kidogo. Kwa upande mwingine, namba iliyo kwenye boksi ilipimwa nje ikiwa nyuzi 35, na sisi ni mara chache kufika huko. Moja linafidia jingine. Nakuru, mita 1,850, sijui kwa nini mtu wa nyumba ya kawaida atafute kiyoyozi. Usiku wa kule ukifungua dirisha umemaliza kazi.

Inverta je? Ni kitu kizuri, na kama una uwezo ichukue. Kompresa ya kawaida ina hali mbili, kuwaka na kuzima. Ya inverta inapunguza mwendo, hadi theluthi au hata robo ya nguvu zake, ikaendelea kukausha hewa polepole. Lakini wauzaji wameanza kuitumia kama ruhusa ya kuuza kubwa: "Chukua 24,000, si ni inverta?" Robo ya 24,000 ni 6,000. Jioni ya mvua, sebule ya mwalimu inahitaji labda 5,000. Hata hiyo inverta itawaka na kuzima kama ile ya zamani, na umelipia zaidi.

Stima nayo ina lake. Mashine ya 24,000 isiyo ya inverta inavuta kama kilowati 2.2, na kila inapoanza kuwaka inavuta mara kadhaa ya hapo kwa sekunde. Ndizo zile taa zinazofifia, na ndiko kompresa zinakozeekea. Ya 12,000 ikikimbia saa tano mfululizo kwa nguvu zote ni uniti tano na kidogo za tokeni, na inverta kwenye chumba chenye kivuli haifiki hapo. Tazama lebo ya nyota kwenye boksi, ambayo kanuni za Kenya za 2016 ziliagiza viyoyozi viwe nayo. Nyota zaidi ni stima kidogo kwa baridi ileile. Na laini ya kiyoyozi iwe yake peke yake kutoka kwenye breka. Ekstensheni nimekuta zimeyeyuka.

Feni ya dari usiitoe. Haipoozi hewa, inakausha jasho, na ikizunguka utaweza kuweka rimoti nyuzi 26 ukajisikia kama uko 24. Kuweka 16 hakuharakishi mashine ya kawaida hata kwa sekunde. Inatoa baridi ileile, tofauti ni kwamba haijui mahali pa kusimama.

Kwa mwalimu tulifanya hivi. Tulining'iniza majamvi mawili nje, moja la dirisha na moja refu mbele ya ukuta, na joto likashuka mpaka zile BTU 8,400. Kisha nilimuuliza ni lini sebule inajaa watu. Jumapili, akasema, chama chake hukutana hapo, wamama kumi na wawili. Hao ni saba zaidi ya tuliowahesabu, wati 700, karibu BTU 2,400. Tukafika 10,800. Tukaweka mashine ya inverta ya 12,000. Ile ya 24,000 ilinunuliwa na kanisa lao kwa ajili ya ukumbi mdogo, na huko inapumua vizuri.

Nilirudi baada ya wiki tatu kuangalia vifungo. Chini ya bomba la nje alikuwa ameweka ndoo ndogo, na kila jioni, aliniambia, inapata lita mbili na kitu. Hatua chache kutoka kwenye ukuta wa magharibi palikuwa na mche wa mwembe uliozungushiwa miiba mbuzi wasiufikie, udongo wake umeloa. Akachukua ndoo, akaumwagia yote.

"Huu," akasema, "ndio utakaoyapumzisha hayo majamvi."